Sauti za Ijumaa za Joachim wa Xiaobei

Mwaka umetimia leo, Baba Blessing, tangu ulipoanguka kwenye ngazi za soko la Shahe na mabegi mawili ya jinzi mikononi, hukunyanyuka tena. Mwaka mzima, na mimi bado nina hasira.

Kaka yako Salvatory aliniandikia tangazo la kumbukumbu kutoka Songea. Mistari sita. "Mfanyabiashara mahiri, mpole, mchapakazi, aliyependwa na wote." Nimelifuta. Mpole nani? Wewe? Wewe uliyebishana na dereva wa teksi kutoka Huanshi Zhonglu mpaka Pazhou kuhusu mwaka uliobomolewa ukuta wa mji? Na hilo la kupendwa na wote ndilo lililonichefua kabisa. Kama ulipendwa na wote, basi waje waniambie sauti yako wameipeleka wapi.

Kwa hiyo tangazo naandika mimi, kwa niaba ya familia. Litawekwa kwenye grupu la wafanyabiashara wa Xiaobei, kwenye ubao wa kanisani hapa Guangzhou, Uchina, na gazeti la nyumbani, wakiliona refu wakalikata, shauri yao.

Wasiokujua wasikie. Ulikuwa mtu wa Mbinga, miaka kumi na mmoja hapa, tukinunua nguo na kuzipeleka Songea na Mbeya. Kazi uliifanya, hakuna wa kukusingizia. Lakini moyo wako haukuwa kwenye jinzi. Kila Ijumaa saa mbili asubuhi unakaa ukingoni mwa kitanda, unabonyeza simu, unaanza: "Jamani wa Xiaobei, mpo?" Sauti zenyewe zilikuwa zinakatika kila dakika moja. Unatuma ya kwanza kwenye grupu, unavuta pumzi, "naendelea," unatuma ya pili. Siku nyingine zinafika kumi na moja. Na mambo ni yale yale matatu, wiki nenda wiki rudi: tamthilia, mtaa, na besiboli.

Tamthilia ilikuwa ile ya Kikantoni, lugha ya wenyeji wa hapa, ya mama mwenye duka la supu na wanawe watatu wasiopikika chungu kimoja. Uliifuata miaka sita. Kikantoni chenyewe ulikijulia humo, ndiyo maana ukimkaripia laoban, yaani bosi wa duka, kwa maneno ya yule mama wa supu, duka zima linaangua kicheko na bei inashuka. Yule mwana wa pili alipouza mapishi ya ukoo kwa jirani, ulinuna siku mbili. Nikakuuliza umefiwa na nani. Ukanijibu, "Mama Blessing, yule mtoto hana adabu hata chembe." Mtoto wa kwenye televisheni!

Kwenye mambo ya mtaa ndiyo ulikuwa hushikiki. Sisi wengine Xiaobei ni mahali pa kula na kutafuta wa kusafirisha mzigo, basi. Wewe ukatuambia maana yake ni kaskazini ndogo, kwamba hapa palikuwa na lango dogo la kaskazini la ukuta wa mji, na ukuta ukabomolewa kama miaka mia iliyopita zipite barabara. Ukatuambia Shahe, tunakokanyagana tukigombania fulana, wenyeji walipajua kwa tambi pana za mchele kabla ya hayo malundo ya nguo. Ukatuambia ule mnara wa Pazhou mabaharia walikuwa wakiutafuta kwa macho wajue mji umekaribia. "Watu wanafika Pazhou mara mbili kwa mwaka na vitambulisho shingoni, wanaingia kwenye kumbi za maonyesho, wanatoka, hakuna anayeinua kichwa!" Ulilisema kwa uchungu, utadhani wamekupita wewe bila salamu.

Na besiboli, Mungu anisamehe. Laoban Liang, tunayechukua jinzi kwake, alikualika Jumamosi moja ukamwone mwanawe akicheza kwenye uwanja wa shule. Ulirudi uso umeungua jua, kichwani una kofia ya timu ya watoto wa darasa la tano, unaniambia umepata mchezo wako. Nikakwambia Mbinga nzima hakuna anayeujua mchezo huo. "Ndiyo maana nitawafundisha." Ukatufundisha, tutake tusitake: mrushaji, mpigaji, mdakaji mwenye kinyago. Kilichokukosha zaidi ni kwamba hauna saa. Hakuna dakika tisini, mnacheza mpaka mmalize. Na mimi nimesimama mlangoni na karatasi za oda, nakwambia kontena linafungwa saa kumi, na kontena saa linayo.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Binti yetu Blessing ana miaka saba, yuko Songea kwa dada yako Bertila. Mwezi wa tisa alimuuliza, "Shangazi, hivi baba alikuwa anaongeaje?" Picha anazo, sura anaijua. Sauti imemtoka. Bertila akanipigia akilia, nami nikamwambia nyamaza, sauti zipo mamia, namtumia leo leo. Leo leo! Nikatafuta. Hakuna hata moja.

Simu yako Salvatory aliifuta yote alipokuja kukuchukua, akampe Blessing ya kusomea. Alidhani anafanya la maana, na sikumwambia kitu, kichwa changu hakikuwepo. Yangu haikuwa na chochote kwa sababu ulikuwa unarekodi hatua mbili kutoka niliposimama. Nisikilize mara ya pili ya nini? Nilikuwa nazifuta, picha za mzigo zipate nafasi. Na zile sauti hazikubali kutumwa kwa mwingine kama picha. Zinakaa kwenye simu ya aliyezipokea, akibadilisha simu zimekwenda.

Nikaanza kupita kwa watu. Wale wale walioshika vifua msibani wakisema Ijumaa hazitakuwa Ijumaa tena. Geoffrey wa Nairobi akasema, "Aki woiye, Mama Blessing, nilifuta zote, simu ilikuwa imejaa viatu." Abednego akaniambia, bila haya wala soni, kwamba yeye hakuwahi kufungua hata moja. Hakuwahi! Na ndiye aliyetoa hotuba ndefu kuliko padri. Meiyou, kama wanavyotujibu wauza duka mzigo ukiwa umekwisha. Meiyou kila mlango niliogonga. Grupu lina watu mia mbili na kumi, Baba Blessing, wamehifadhi picha za soksi, wewe hakuna aliyekuhifadhi.

Kwa Jaffari sikwenda. Jaffari ni mtu wa Kariakoo, ndiye msimamizi wa grupu, na ndiye aliyekutoa. Siku tisa kabla ya kifo chako aliandika, "Hapa ni biashara tu," na jina lako likaondoka. Basi mwaka mzima sikumpa salamu. Nimemsema mgahawani mchana kweupe, watu wanakula, kwamba alikuzika na kinyongo.  Mara moja tu alisogeza kiti akasema, "Shemeji, kaa ule kwanza." Nikazidi kupandwa na mori, nikaondoka.

Na hapa inabidi niseme, maana tangazo ni lako na siwezi kukudanganya mbele ya kadamnasi. Aliyemwambia Jaffari akutoe ni mimi.

Ilikuwa wiki ya maonyesho ya Pazhou. Tunakula na wateja wawili wa Mbeya, nao wamo grupuni, wewe umetoka nje kidogo, hukuingoja hata Ijumaa, simu zao zikaanza kulia mezani. Sauti zako nane mfululizo, yule mtoto wa Liang kadaka mpira, sijui kaanguka nao. Mmoja akacheka. "Huyu ndiye wa kutuchagulia mzigo? Huyu si redio?" Aibu niliyoona, ardhi ingepasuka ningeingia. Nikamwandikia Jaffari: mtoe wiki mbili tu, maonyesho yaishe, na usimwambie nimesema mimi. Wateja wakaondoka bila kununua hata hivyo. Nilijua utarudi grupuni. Nani alijua una siku tisa?

Kwa hiyo nimemtia Jaffari midomoni mwa watu mwaka mzima kwa jambo nililolianzisha mwenyewe. Ilikuwa rahisi kumchukia Jaffari kuliko kujitazama. Anayetaka kunicheka anicheke.

Jumapili iliyopita mchana, hodi mlangoni. Jaffari. Ameshika simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, imechomekwa kwenye pawabenki.

"Shemeji, Geoffrey ameniambia unatafuta sauti za marehemu. Mbona hukuja kwangu?"

"Nije kwako kwa uso gani, Jaffari?"

"Kwa uso huo huo." Akaiweka simu mezani. "Zipo mia mbili na themanini. Simu nimebadilisha, hii sikuiuza. Grupu ni la biashara, ndiyo, mimi sheria naisimamia. Lakini nilikuwa nasikiliza. Kila Ijumaa nikitoka msikitini, nakaa mahali, nasikiliza mpaka mwisho. Hata hiyo besiboli yake, na siielewi mpaka leo."

Nilimkaribisha. Tukaweka simu mbili uso kwa uso, yake inasema, yangu inarekodi. Tulikaa hivyo mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilikusikia ukimfokea yule mwana wa pili. Nilikusikia ukihesabu malango ya mji. Ulikuwa unameza mate kabla ya kusema "naendelea," jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Na nyuma yako, karibu kwenye kila sauti, kuna mwanamke anafagia na kugomba: "Joachim, bado tu? Joachim, watu wanatusubiri!" Ni mimi huyo. Nimo kwenye zote, na kwenye zote nimekasirika.

Mwishoni Jaffari akaikamata simu. "Kuna moja hii hakuituma kwenye grupu. Alinitumia mimi peke yangu, Ijumaa ile baada ya kutolewa." Akainuka atoke nje. Nikamwambia kaa.

Ukasema hivi, Baba Blessing. Nayaandika kama yalivyo.

"Jaffari ndugu yangu, salama? Usijisikie vibaya, sina neno na wewe. Najua aliyekuomba. Mke wangu namjua, siku mbili hizi hanitazami usoni, na chai ananiwekea sukari nyingi. Usimwambie kwamba najua, atakosa usingizi, na wiki hii ana kazi za kumtosha. Akitulia atanirudisha mwenyewe. Haya, kwa kuwa uko peke yako, itabidi unisikilize wewe. Yule mtoto wa Liang, Jumamosi, katolewa mara tatu bila kuugusa mpira..."

Ukaendelea hivyo vipande vinne, dakika nne, besiboli tupu, kwa mtu mmoja asiyeielewa. Kwenye hiyo mimi sisikiki. Nilikuwa Pazhou.

Jaffari akasema, "Aliniambia nisikwambie, shemeji, nikanyamaza. Leo nimevunja kwa sababu mtoto anatafuta sauti ya baba yake." Nikaenda jikoni kumchemshia chai. Nimjibu sasa, mbele ya watu mia mbili na kumi: Jaffari, nimekukosea, na naomba radhi.

Lakini wewe! Wewe nimekukasirikia upya. Ulijua. Ukala chakula changu siku tisa, ukaniaga asubuhi siku tisa, hukutamka neno. Kwa nini hukunigombeza? Mtu wa kubishana na madereva, wa kugombana na televisheni, kwangu ndiyo ukajifanya bubu? Ungepiga meza, Joachim! Ningelia, ningekuomba msamaha, na ningekurudisha grupuni siku ile ile ukiwa hai. Badala yake umeniachia msamaha wangu kwenye simu ya mtu mwingine, nikaishi mwaka mzima bila kujua kwamba ninao.

Blessing amepata zote isipokuwa hiyo. Bertila anasema anazisikiliza akisuka nywele, na amemuuliza huyo mama anayegomba nyuma ni nani. Kaambiwa ni mama yako. Akasema, "Kumbe walikuwa wanakaa wote." Hiyo ya mwisho nitampelekea mwenyewe mwezi wa kumi na mbili. Nitakaa naye, nimweleze nilichokufanyia, kisha aisikie.

Unakumbukwa na mkeo Anastazia, binti yako Blessing, kaka yako Salvatory, ambaye anaomba radhi kwa kuifuta simu, dada yako Bertila, na Jaffari, niliyemwandika kati ya ndugu, asiyependa apite. Misa ni Jumapili.

Jana jioni nilimwomba Jaffari atume mwaliko, na Bertila akaukubali kwenye simu yako huko Songea, ambayo bado ina namba yako. Jina lako limo tena kwenye grupu. Nimekurudisha mwenyewe, mume wangu, ila nimechelewa. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.