Kibuyu cha Mama na Mpira wa Tatu

Kabalagala, Kampala
Jumanne asubuhi

Kwa Yaya Monique, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, wewe na shemeji na watoto wote, hata yule mbuzi wako anayekula nguo za jirani. Goti lako je? Mvua ya huko Nakivale imeacha mihogo au imechukua yote? Mimi ni mzima, tena nimenona. Ungeniona ungesema huyu ni waziri, si yule Barnabé aliyefukuzwa darasa la tano kwa kumfundisha mwalimu hesabu. Mzigo huu anakuletea Darlène, binti wa mchungaji wetu, na nimemwambia asikupe barua mpaka uwe umekaa chini. Kwa simu nisingeweza. Kwenye simu wewe hukata maneno ya mtu kama unakata mboga, na jambo hili linataka kusikilizwa mpaka mwisho.

Najua unachotaka. Unataka kibuyu cha mama. Ulinipigia wiki tatu zilizopita ukaniambia matanga ya mwaka yanamalizwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wazee watakuja, na haiwezekani watu wamuage mama kwa bia ya dukani, yeye aliyepikia harusi za watu kasiksi, bia yetu ya ndizi, toka tukiwa Bushi kule Kongo mpaka hapo kambini. Ulisema chachu yake imo ndani ya kibuyu, kibuyu kiko kwangu, basi nikilete. Nikakujibu hakuna shida, kibuyu kipo. Dada, kuhusu kibuyu nitafika. Nipe nafasi kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila kazi yangu hutaelewa.

Watu wa huko wanadhani mimi ni mwosha vyombo wa tajiri. Hapana. Mimi ni fundi wa mipira ya bia, na kutoka Bukoto mpaka Kabalagala hakuna wa kunikaribia. Nimefika Juba, nimefika Nairobi, nimekula meza moja na Waturuki, lakini niliyoyakuta kwa Dokta Cleopas kule Bukoto sikuwahi kuyaona. Huyu ni daktari wa meno, Mganda, mrefu, mpole, alisomea Ubelgiji akarudi na meno meupe na wazimu wa kujipikia bia nyumbani. Bia yake ya shayiri anaitia katika mapipa matatu madogo ya chuma, yanakaa ndani ya friji iliyotobolewa mlango. Kila pipa lina mpira wake unaopita mpaka kwenye bomba hapo mlangoni, na gesi ndiyo inayosukuma. Unavuta mpini, bia inakuja na povu lake, sebuleni kwa mtu, kama uko hotelini.

Sasa mipira ile huchafuka ndani. Siku ya kwanza Dokta alinikalisha akanieleza kwamba mpira wa bia ni kama jino. Ukiuacha unajenga utando unaoteleza, utando ukizeeka unaleta uchachu, na hapo bia nzuri inakuwa mkojo wa punda. Kwa hiyo kila wiki ya pili namwaga bia iliyobaki mpirani, napitisha maji, halafu dawa. Dada, dawa ile si sabuni. Ni unga mkali, ukiugusa bila glavu unakula ngozi. Naukoroga na maji, nauacha uzunguke dakika ishirini, huku nafungua mabomba kipande kwa kipande na kusugua raba zake kwa mswaki, maana kwa daktari wa meno miswaki haiishi. Mwisho nasuuza mpaka maji yasiteleze tena kati ya vidole. Dokta amesema hajaona mikono kama hii. Yeye mwenyewe amesema, si mimi.

Unakumbuka mama alivyokuja kutibiwa Mulago mwaka juzi, akakaa kwangu wiki tatu? Alishuka basini na mfuko mmoja wa nguo, na kibuyu amekibeba kifuani kama mtoto. Siku ya pili tu alishapata ndizi mbivu, akazikamua kwa majani ndani ya beseni langu la kuogea, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akamimina kidogo kutoka kibuyuni, na chumba kizima kikaanza kunuka kwetu. Jirani yangu Mama Sitti, Mnubi, mtu wa swala tano, alikuja mlangoni na ufagio mkononi akauliza kama tumeamua kumtoa katika dini yake kwa kupitia puani. Mama akamjibu kwamba kunusa hakuandikwi dhambi, anuse tu. Waligombana hivyo kila asubuhi, mpaka wakawa wanangojana. Mama Sitti akichelewa kuja kugomba, mama ananituma niulize kama anaumwa.

Jumapili moja mchana Dokta alikuwa amekwenda harusini Masaka, ufunguo kaniachia. Nikampandisha mama boda, nikampeleka Bukoto nikamwonyeshe ofisi yangu. Akatazama friji, akasema vyuma ni vingi. Basi. Mimi nilitaka astaajabu, unanijua. Nikachukua pipa la tatu lililokuwa tupu, nikalijaza kasiksi yake tuliyokuja nayo kwenye dumu, imechujwa vizuri, nikafungua gesi, nikamwambia avute mpini mwenyewe.

Yaya, kasiksi ilitoka! Ilitoka na povu, baridi, ndani ya glasi ya Dokta yenye mguu. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Alivuta, akafunga, akavuta tena. Akasema leo bia yake imevaa viatu. Halafu akakaa kwenye kiti cha ngozi cha Dokta, miguu haifiki chini, glasi mkononi, akanisimulia siku uliyozaliwa wewe, wanawake wametoka kukamua ndizi na wakakupokea kwa mikono inayonata, ndiyo maana nzi walikupenda toka ukiwa mchanga. Sijawahi kumwona mama amekaa vile, bila kutafuta kitu cha kufanya.

Nilipoanza kuosha mpira kwa dawa aliweka glasi chini. Akauliza kwa nini naufanyia ukatili. Yeye kibuyu hakukiosha ndani hata siku moja, wala mama yake hakukiosha. Kinasuuzwa kwa maji ya ndizi tu, na kile kidogo kilichobaki ndicho kinachopika bia ya kesho. Alisema kikioshwa kitasahau. Na aliporudi huko kwako alikiacha juu ya kabati langu, akasema anakiacha makusudi, ili apate sababu ya kurudi.

Hakurudi. Wewe ndiye uliyemfumba macho, sina la kukuambia hapo.

Mpira wa tatu nao ukaanza ukaidi tangu Jumapili ile. Naosha, unatulia wiki moja, halafu bia ya Dokta inatoka chachu na harufu ya ndizi. Dokta akabadilisha raba, akabadilisha gesi, akaishuku shayiri. Alinihoji, nikamwambia labda ni hali ya hewa ya Bukoto.

Sasa nimefika. Kaa vizuri.

Mwaka jana, nilipotoka huko kumzika mama, nilikuta kibuyu juu ya kabati kimeota ukungu mdomoni na nzi wadogo wanakizunguka. Niliona aibu, kama nimemwacha mama mwenyewe bila kuogeshwa. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi, na inajua kazi moja tu. Nikakoroga dawa ya Dokta, nikakijaza kibuyu, nikahesabu dakika ishirini, nikasuuza mara tatu. Nilikuwa nalia na huku najisifu kwamba hakuna mtoto aliyewahi kumtunzia mama kitu chake hivi. Kilipokauka nikakinusa. Hakuna kitu. Ndipo maneno yake yakanirudia, yamechelewa dakika ishirini.

Basi ndivyo, dada. Mimi ndiye niliyekiosha. Chachu ya mama niliiua kwa mikono hii ninayoisifia, na mwaka mzima nimekudanganya kwenye simu kwamba kibuyu kinanuka vizuri.

Usichane barua. Siku nne baada ya wewe kunipigia, Dokta alichoka. Alisema mpira wa tatu umemshinda, niukate niutupe, akaniletea mpya. Nikaushika ule wa zamani, nikaupeleka puani, ukanuka kibuyu cha mama. Nikamwambia kila kitu: pipa, kasiksi, kiti chake cha ngozi. Nilidhani kazi imekwisha. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema kumbe miaka miwili anapigana na bibi mmoja wa Kikongo, na bibi ameshinda. Akanieleza kwamba ndani ya mpira mna mikwaruzo midogo, na chachu hujificha humo kama uchafu kati ya meno, dawa inapita juu tu. Ule mpira akanipa.

Nikaukata vipande vya urefu wa kidole. Nikakamua ndizi kwa majani kama alivyofanya yeye, nikatia mtama, nikagawa madumu mawili: moja nikalitia vipande, jingine nikaliacha hivyo hivyo, maana mimi ni fundi, sibahatishi. Siku ya tatu asubuhi Mama Sitti alisimama mlangoni na ufagio. Tangu mama aondoke hakuwahi kuja kugomba. Akauliza nani amekuja, kwa sababu hiyo ni harufu ya mama yangu. Nikampisha. Akaingia mwenyewe, akalipita dumu lisilo na mpira bila kulitazama, akainama juu ya lile jingine, akakaa ameinama. Akasema, “Ndiye huyu.” Halafu akaketi kwenye mkeka wangu, ufagio magotini, na hakulalamika hata kidogo.

Mimi nimeonja. Ni yenyewe, ila nyuma kabisa ya ulimi kuna kitu kidogo cha shayiri. Mama amekaa Bukoto miaka miwili, lazima angejifunza mambo ya watu.

Dumu analo Darlène. Mfuniko haukukazwa, na wewe usiukaze, litapasuka. Kibuyu nacho kimo, nimekifunga ndani ya shati langu jeupe. Mimina humo, kiache usiku mmoja kikumbuke, halafu ndipo upike. Wewe ndiye mwenye ulimi wa mama. Ukionja ukaona si yeye, usinipigie simu. Nakuja mwenyewe Ijumaa, nitakaa mbele yako unigombeze kwa mdomo wote, na wazee nitawaambia mimi mwenyewe nilichofanya. Ukiona ni yeye, niwekee glasi ya kwanza, na kibuyu usimpe mtu yeyote kukiosha, hasa mimi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, mfunge mbuzi. Dokta Cleopas anakupa pole kwa matanga na anauliza habari za meno yako. Mama Sitti naye anakusalimu sana. Nimebakiza chupa moja ya kasiksi dirishani, na ameniomba nisiiondoe nikisafiri. Anasema atakuwa anapita asubuhi kuigombeza.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Barnabé,
fundi wa mipira ya bia, Kampala yote