Kalervo na Nyumba ya Ng'ambo

Tornio, 20 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka mtoni. Vipi goti? Na hapo Oulu kwenye makao ya wazee, bado wanakupa kahawa ya maana? Mimi mzima. Mwanao Kalervo naye mzima wa mwili, kichwa sijui.

Unakumbuka shangazi Vieno alituachia sisi wawili nyumba yake ya Haparanda, ng'ambo ya mto upande wa Uswidi, na fedha kidogo. Siku ya mazishi Kalervo alijitapa mbele ya watu, keki tele mdomoni, kwamba Uswidi haina kodi ya mirathi, hivyo hatudaiwi hata senti. Ati kwetu kuvuka daraja ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni. Fungu lake la fedha akanunulia pikipiki ya theluji. Mtu wa miaka hamsini na mbili!

Mwezi uliopita akaletewa hati ya kodi ya mirathi ya hapa Finland, pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Huku mrithi akiwa mkazi wa Finland analipa, hata kama mali na marehemu ni wa Uswidi. Basi bingwa wako akabeba suruali tatu na kikaangio, akahamia kwa shangazi, akabandika jina lake kwenye sanduku la barua, kisha akaenda kumwambia afisa wa kodi wa hapa kwamba yeye ni mkazi wa Uswidi. Yule afisa akamuuliza kwa upole, siku shangazi anafariki yeye alikuwa akiishi wapi. Bwege akajibu kwamba alikuwa kwake Tornio, tena akioga mvuke saunani! Mama, ulimlisha nini huyu?

Pikipiki haina mnunuzi, theluji inayeyuka. Ili alipe kodi, ameniuzia nusu yake ya nyumba.

Sasa nikuambie la moyoni. Nilijua. Wiki ile ile ya mazishi nilipiga simu ofisi ya kodi, nikaelezwa yote, nikajaza fomu yangu. Yeye sikumwambia. Shangazi aliugua miezi saba, na Kalervo hakwenda kumwona hata mara moja; alisema harufu ya dawa inamuondolea hamu ya kula. Kila nikiingia, shangazi aliuliza kama Kalervo yuko nje anaegesha gari. Nilimdanganya mpaka siku ya mwisho.

Ukinidharau na mimi, haya. Jumamosi nitakufuata tuoge sauna ya shangazi. Kufuli nimebadilisha. Mwanao akija, atabisha hodi, nasi tutasikia anavyobisha.

Wasalimie wenzako wote hapo.

Binti yako,
Irja