Ncha za Mkorosho wa Mama

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Wiki ya pili Quitunda, tulikohamishiwa na kampuni ya gesi. Nyumba ya matofali, mlango una kitasa, na sijalala vizuri hata siku moja. Mama anakaa barazani kuangalia ukuta wa jirani. Nikimtajia mkorosho wake anasema mti ni mti, wameshaulipia, nimwache. Wameupaka rangi nyekundu. Uko ndani ya uzio sasa, unangoja kukatwa.

Wifi yangu Ancha, mke wa kaka, hakubali. Kwao Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, na alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya korosho. Anasema kule kila mwaka wanapuliza salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua. Mkorosho wa Mama haujapuliziwa kitu maisha yake na haujaugua. Nikasema basi tupande korosho zake. Akanicheka. Ukipanda korosho unapata mti mwingine kabisa — lazima ukate ncha za matawi yake, uzibebeshe kwenye miche, yaani uziunge zishikane. Mti tunao sisi, ujuzi wanao wao. Nusu ya ncha zibaki hapa, nusu avuke nazo. Nilikubali hata hajamaliza.

Jumanne, 5 Novemba

Tumeingia ndani ya uzio na watu waliofuata mabati ya nyumba zao za zamani. Ancha kapanda, mimi chini. Nilidhani tunakata na kuondoka. Kumbe! Leo unang'oa majani tu, ncha unaiacha mtini ivimbe, unarudi baada ya wiki. Ukikata mapema inakufa.

Custódio, mlinzi wa lango, mtu wa Mueda, katuuliza tunauadhibu mti kwa kosa gani. Tumecheka naye.

Ijumaa, 8 Novemba

Mkutano baada ya sala. Bwana wa uzio, mtu wa kampuni, anasema lango linafungwa Jumatatu, tingatinga linaingia Jumanne. Nikasimama. Nikasema nina ncha zangu mtini, anipe siku chache tu. Akanijibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa: mti si wangu tena, tumelipwa. Nikamuuliza na kivuli kama alikilipia. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Tutaletewa miche mizuri, anasema.

Sitaki miche mizuri. Nautaka ule! Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, ndiyo maana mwandiko huu.

Barabara ya Mocímboa waasi wanawachomea watu nyumba, walinzi hawatoshi. Wa kulinda mkorosho wamepatikana.

Jumapili, 10 Novemba

Dalila jirani, muuza barafu, katupa vifuko vyake vyembamba vya kufunikia ncha zikishabebeshwa. Miche ipo. Ancha aliiotesha tangu Septemba, wakati mimi nilikuwa nalia tu.

Mama kaviona vifuko. Kasema tunajitafutia jela, kaingia ndani. Chakula hakugusa.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika nimekaa chini, upande wa ndani wa lango. Alfajiri tulipenya chini ya uzio. Ncha zilikuwa zimevimba, vilevile alivyosema Ancha. Tumekata zote, tumezifunga kwenye kanga iliyoloweshwa. Tungetoka tulikoingilia, ila watu wa tingatinga walishafika pale. Ikabidi tupite langoni.

Custódio kaifungua kanga. “Não pode, mamã, hairuhusiwi. Hakitoki kitu hapa.” Ancha akamjibu kwa Kimakonde, maneno mengi. Yule akachukua ncha moja, akaigeuzageuza. Kwao Mueda pia mikorosho inaugua, akasema. Akauliza unaichongaje. Ancha akamwonyesha kwa ukucha: pande mbili, iwe kama kabari. Akaitazama sana. Halafu akairudisha ndani ya kanga, akasema lazima ampigie mkubwa wake, ana watoto wa kulisha.

Mkubwa hapokei. Custódio anasema tukiziacha ncha tunaweza kwenda nyumbani. Nimekaa chini. Ancha naye kakaa.

Jua limepanda. Maji yetu ya kunywa tumeyamimina yote juu ya kanga, na imeanza kukauka. Ancha alimpigia Mama alete maji. Mama akakata simu. Ancha anasema zikinyauka leo basi, hakuna pa kupata nyingine.

Tingatinga limewashwa. Nalisikia kule kwetu. Siangalii.

Custódio kajaribu tena simu. Bado.

Kuna mtu anakuja barabarani kutoka Quitunda, anachechemea mguu wa kushoto. Ana ndoo kichwani. Mama.

Custódio kamwona pia. Kaitia simu mfukoni — na sasa ndiyo inalia. Anamtazama Mama. Hajaipokea.