Ubao Mzima wa Sita

Gungu, Jumanne

Kumbe jibu ni tatu tu! Siku mbili nimehangaika na kipeuo cha pili cha sita jumlisha kipeuo cha pili cha sita jumlisha, hivyohivyo bila mwisho. Leo darasani nimejaza sita ubao mzima mpaka chaki ikaniishia.

Mwanafunzi wangu Zawadi, binti wa muuza migebuka, wale samaki wa ziwani, akaja akafunika sita ya kwanza kwa kiganja. Nikamfokea asinifutie kazi.

"Samahani, mwalimu. Kilichobaki si ni kilekile cha mwanzo? Tukiite x. Basi x mara x ni sita jumlisha x. Tatu inatosha: tatu mara tatu ni tisa, na sita jumlisha tatu ni tisa."

Nikakohoa kidogo, nikawaambia wanafunzi nilikuwa nawapima. Wakanipigia makofi, isipokuwa Zawadi.

Kesho tuna hesabu tena. Mungu anisamehe, nimeombea mama yake apate migebuka mingi, Zawadi abaki kumsaidia sokoni.