Shamba la Chini ya Tanuru

Korogwe, Jumamosi, tarehe 6 Aprili.
Asubuhi: manyunyu tangu alfajiri. Nguo hazijakauka, leo siku ya tatu.

Kaka Deogratias, shikamoo.

Goti la mama linaendeleaje na baridi hii ya kumalizia mvua? Wifi amepona kikohozi? Na intumba mmefika wapi? Kila Aprili nakumbuka tulivyokuwa tunafukia majani kwenye yale matuta ya duara, ingawa huku sishiki jembe, nashika kalamu tu. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya kuandika mafungu ya mkonge yanayoletwa na wakataji. Mwanaidi, mwenzangu wa mezani, aliniuliza juzi, "Nyie Wafipa mna nini huko kwenu zaidi ya baridi?" Nikamwambia tuna ardhi ya vizazi vinne. Akacheka. "Basi tajiri, mbona unakula ugali wangu?"

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningelia na usingenielewa.

Jumanne uliniambia wapimaji wa ardhi wanakuja hapo kijijini Pito baada ya wiki mbili, na kwamba mzee Leonsi anadai shamba la chini ya tanuru ni la kwao. Ukasema, "Skola, karani wa ukoo ni wewe. Tafuta aliyosema baba, tumfunge mdomo huyo mzee." Nikakubali kwa furaha. Wewe unajua kwamba shamba hilo ndilo baba alilonipa mimi.

Nilifungua shajara ya mwaka nilipomaliza kidato cha nne. Siku hiyo nilikuwa na baba pale juu, yeye akitengeneza intumba, mimi nimekaa kwenye kifusi cha lile tanuru la udongo ambalo wazee waliyeyushia chuma. Alikuwa akifukia, anasimama, anasema, nami naandika. "Andika vizuri, karani. Usije ukaniongezea ng'ombe."

Alisema babu yake, Kasonso, alikuta nyasi tupu kule juu, na yeye ndiye aliyetengeneza intumba za kwanza. Ndiyo maana pakawa petu. Lakini chini ya tanuru, kaka, intumba za kwanza zilitengenezwa na babu yake mzee Leonsi. Alipohamia Kirando, ziwani, kuvua samaki alimwachia babu Kasonso alime mpaka yeye au watoto wake warudi. Nilimuuliza baba, "Na wakirudi?" Nimeandika kwamba aligeuza madongoa mawili kabla ya kunijibu. "Tutawapa. Ila hawajarudi."

Na kweli, mzee Leonsi alirudi kutoka ziwani baba akiwa ameshazikwa.

Miaka mitatu baada ya siku ile ndipo baba alituita sisi wawili akasema, "Skola achukue la chini ya tanuru." Niliandika maneno hayo nikayapigia mstari mara mbili. Sikufungua tena ukurasa wa zamani. Mimi ninayejiona mtu wa kumbukumbu, nilitunza daftari bila kulisoma.

Nilimkasirikia baba siku mbili nzima. Kisha nikafikiri: la juu lote lilikuwa lako kwa desturi, na yeye alitaka binti yake awe na mahali. Alinipa kile alichokuwa nacho mkononi, akitumaini hawatarudi. Hasira imeisha, nimebaki na huruma.

Sitakuficha pia kwamba Jumatano nililishika lile daftari nikawaza kuwa hakuna mwingine anayejua yaliyomo. Ningeweza kukutumia ukurasa wa zawadi tu. Lakini nisingeweza kulima pale hata siku moja.

Nimenakili kurasa zote mbili neno kwa neno, zimo humu. Usisubiri wapimaji. Nenda kwa mzee Leonsi mapema, uende na mama, msome pamoja. Ulezi uliopo shambani ni wa mama. Mwombe mzee Leonsi amwachie mama avune kwanza, sidhani atakataa.

Kisha kuna ombi langu. Nitarudi nyumbani siku moja, kaka. Nyumba nilishaichora kichwani, na sasa sina pa kuiweka. Wapimaji hao hao wakifika, jina langu liandikwe kwenye kipande cha shamba la juu, hata kama ni upana wa matuta ishirini. Sikuombi kama malipo ya kusema kweli. Kweli ningeisema hata kama ungekuwa umeshaninyima. Nakuomba kwa sababu mimi nami ni mtoto wa baba.

Mwambie mama nimeipata sweta, naivaa hata kwenye joto. Msalimie wifi, na shangazi Felista aliyenifundisha kupura ulezi, na baba mdogo, ambaye najua atasema wasichana hawapimiwi ardhi. Msalimie hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Skolastika

Jumapili asubuhi. Naongeza kabla ya kufunga bahasha, nimpe mtu wa basi. Mvua imekatika. Tangu Jumanne nilikuwa nakesha hadi majogoo. Jana, nilipomaliza kuandika, nililala saa nne na dakika ishirini usiku.