Hesabu za Herufi na Jina la Eufrasia

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Habari za huko uliko? Kifua kimekuachia sasa? Natumaini kwa Mungu kikohozi kimekwisha na unalalia ubavu unaoutaka. Sisi huku ufukweni tunaendelea. Petro mume wangu mzima, nyavu zake ndizo zimechakaa. Mimi ndiye situlii. Naandika mstari, nasimama, nakwenda kugeuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, juani, nikirudi nakuta kuku amekanyaga karatasi. Nivumilie. Barua hii haina stempu ya kichwa cha Malkia wala haipandi meli, ingekuwa haki niiandike polepole, lakini moyo unanikimbiza.

Jambo lenyewe ni binti yako Skola.

Tangu tukuzike nakaa naye hapa. Masista walimpa ruhusa ya msiba, na shule ikifunguliwa baada ya Pasaka inampasa arudi kumaliza darasa la saba. Mdogo wake Bosko yuko kule juu Mbinga kwa shemeji Osmundi, kaka wa marehemu mumeo. Anakula vizuri, ila kila akiona mwanamke amejitwika kuni anamkimbilia, halafu anarudi. Sasa Jumapili ijayo ukoo unakaa kumaliza matanga, na desturi unaijua: lazima apatikane mtu wa kuchukua jina lako. Osmundi ameteremka mpaka huku kuniambia kwamba wamemchagua Skola. Akishafungwa kitambaa chako kichwani na kusalimiwa kwa jina lako mbele ya watu, basi yeye ndiye wewe. Atakaa nyumbani kwako, atamlea Bosko, atafukia ngolo zako, yale mashimo ya shamba la mteremkoni. Wanaume wameshafyeka majani na kuyapanga miraba miraba mteremko mzima, yanangoja jembe la mwanamke wa nyumba ile ayafunike udongo. Na shule ndiyo basi.

Nikamwambia, shemeji, mtoto anasoma. Akacheka kile kicheko chake cha kutikisa tumbo. "Anasoma nini?" Skola akaambiwa aeleze mwenyewe. Maskini, badala ya kutaja kushona au uuguzi akataja kitu kipya walichoanza mwaka huu, hesabu za herufi, wanaziita aljebra. Osmundi akashika kichwa. "Herufi ni za kuandikia barua, namba ni za kuhesabia madebe ya kahawa. Anayevichanganya atakuja kutupikia mboga na mchanga!" Skola akamweleza kwa adabu kwamba herufi inashika nafasi ya namba ambayo hujaijua, mpaka utakapoipata. "Na mwalimu wenu anaijua?" "Anaijua, baba mkubwa." "Sasa mbona anawaficha watoto wa watu?" Petro alicheka mpaka akatoka nje. Nami nilicheka, Dada, Mungu anisamehe, huku roho inaniuma.

Osmundi alipoondoka, Skola alikuwa anachambua maharage. Bila kuinua uso akaniambia, "Mama mdogo, usigombane na ukoo kwa ajili yangu. Hiyo aljebra itanisaidia nini? Hata masista wenyewe wakipima unga sijaona wanaitumia."

Mimi darasa langu ni la nne, nilijua kusoma katekisimu nikaona imetosha. Wewe ulinishika mkono pale kitandani ukasema, "Asikatishwe." Hukuniambia nimjibu nini akitaka kujikatisha mwenyewe!

Basi nimekuwa mtu wa kuuliza watu. Katekista akaniambia aljebra inafundisha utii. Karani mmoja wa bandarini, tulipokwenda Mbamba Bay kuuza samaki, akasema aliisoma na hajaitumia hata siku moja, halafu hapo hapo akaanza kujisifu jinsi alivyokuwa hodari wa aljebra darasani, mpaka samaki wangu wakapata nzi. Nikarudi nyumbani na swali langu. Petro alikuwa anashona wavu. Akasema, "Kandida, kila Jumapili unaimba Kilatini kwa sauti kuwashinda wote. Unakielewa?" Nikasema sikielewi, ila nikishaimba najisikia nimenyooka ndani. "Haya," akasema, akaendelea na uzi wake.

Neno hilo lilinikaa moyoni, lakini halikunituliza. Nikimwambia Osmundi habari za kunyooka, atasema na jembe linanyoosha.

Unakumbuka uliponifundisha kufukia ngolo, kabla sijaolewa huku chini? Mimi nilikuwa mvivu wa kuinama. Ulisimama juu yangu ukaniuliza, "Mdogo wangu, unamchimbia panya kaburi?" Wanawake wa jirani wakaangusha majembe kwa kucheka. Na Skola alipokuwa mdogo akikusomea kitabu chake mlangoni, nusu yake hukuielewa. Akinyamaza ulimwambia, "Endelea tu, nasikia raha ukisema." Nimelifikiria sana hilo. Hukumwuliza kamwe kitamsaidia nini.

Sasa sikia la jana. Nimetoka kuanua usipa, nikaingia jikoni, nikakuta nyuma ya mlango pote pameandikwa kwa mkaa. Herufi, namba, mistari. Mlango wangu! Nikafungua kinywa nimgombeze. Skola hakunisikia. Alikuwa amechuchumaa pale, ugali umeungua nyuma yake, anafuta mstari wa chini kwa kiganja. Akaandika tena. Akatikisa kichwa, akafuta tena. Hakuna mwalimu aliyemtuma, hakuna wa kumsahihisha. Mwisho akaandika kitu kifupi, akakaa chini kabisa sakafuni, akatabasamu. Dada, tangu msiba sijaona meno ya mtoto yule. Nilimwuliza umepata nini. Akasema, "Nimeipata, mama mdogo. Ilikuwa imejificha pande zote mbili." Akasema usipokijua kitu unakipa herufi, halafu huna haja ya kukiogopa, unakigusa kama unavyovigusa unavyovijua, ila uwe mwaminifu: ukitoa huku, utoe na kule. Kisha akaona ugali, akaruka kuomba radhi.

Tulikula ule ulioungua. Kama aljebra ina faida, mimi bado sijui, na Osmundi akinibana nitamwambia hivyo hivyo, sijui. Lakini mtoto anayeweza kufuta na kuanza upya bila mtu kumshikia fimbo, mimi siwezi kumpa jembe nikamwambia hapa ndipo mwisho wako.

Kwa hiyo jina lako nitalichukua mimi.

Desturi inaruhusu, mdogo kushika jina la dada yake, hata bibi yetu alifanya hivyo. Jumapili wakiuliza nani, nitasimama kabla hawajamwita Skola. Bosko nitamleta huku aote jua la ziwani. Ngolo zako nitapanda mlima kuzifukia mwenyewe, na Petro atajipikia. Nilipomwambia alikata uzi wa wavu, akasema, "Basi nitakuwa nimeoa wake wawili kwa mahari moja." Nikajua amekubali.

Lakini naogopa, Dada. Osmundi anaweza kusema mwanamke wa ufukweni ameshasahau mteremko. Mgongo wangu si ule. Na watu wakianza kuniita Eufrasia, nikigeuka kuitika, nitakuwa nani? Nikisali rozari kukuombea nitakuwa najiombea mwenyewe? Katekista nilimwuliza, akasema nisichanganye mambo.

Skola sijamwambia, maana atanizuia nisigombane na ukoo. Nangoja asimame pale mbele ya watu akijua yamekwisha, ndipo asikie.

Pumzika, dada yangu. Bwana akupe mwanga na akufute jasho la ule ugonjwa. Nakuahidi mbele yake: shule ikifunguliwa, Skola atapanda lori na sanduku lake, hata kama Jumapili nitatoka kule nimekosana na ukoo mzima. Wewe tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mpaka Jumapili bado ni

Kandida