Tofi Alivaa Shati Lako

Mume wangu mpenzi,

Nimeandika maneno hayo matatu nikaweka kalamu chini kidogo ili niyatazame. Miezi mitano ya ndoa na bado yananichekesha peke yangu jikoni. Wiki sita sasa Bosi amekuweka Riyadh umwendeshe huko, nami nimebaki hapa Jeddah, Al-Hamra, na Madam, watoto na mbwa wao Tofi. Simu zako zinanifikia, ndiyo, lakini unapiga ukimsubiri Bosi huko mtaa wa Sulimaniyah, na nikianza tu kukuambia jambo unasema, "Anatoka, mke wangu, baadaye." Leo nakuandikia, na hakuna wa kunikatiza.

Unakumbuka Halloween ya mwaka jana, ile sherehe yao ya vinyago? Nilikuwa mgeni nyumba hii. Kwetu kazi ya mbwa ni kubwekea wezi, na hapa Madam ananipa vazi la boga nimvishe mbwa, eti watoto wanamtaka kwenye sherehe. Nilikuja gereji nimelishika kwa vidole viwili, nikakuuliza, "Kaka, mbwa anavishwa vipi?" Ukaendelea kufuta kioo cha gari bila hata kutabasamu. "Anza na miguu ya mbele, dada. Ukianza na kichwa atakudharau." Nilikupenda hapo hapo. Ile miezi mitatu niliyokunyima jibu ilikuwa adabu tu.

Halafu lile balaa. Mjomba wa watoto aliingia na kinyago cha fuvu, Tofi akakimbilia chini ya meza, akavuta kitambaa, na juisi yote ikamwagikia mama yake Madam. Kila mtu alimfokea. Wewe uliingia chini ya meza na sare yako, ukamkumbatia mpaka akaacha kutetemeka. Mimi nilisimama na taulo mkononi, nikasahau kabisa kupangusa.

Ndiyo maana sikukuambia kwamba mwaka huu Madam alisema, "Akiharibu tena, halas, nampeleka kwa rafiki yangu mwenye shamba." Wewe ndiye uliyemlea tangu akiwa wa kushikika kwa mkono mmoja. Ningekuambiaje kwenye simu ya dakika mbili?

Nilijipanga. Chokoleti yote niliiweka juu ya friji, maana ulinifundisha kwamba inamdhuru, nikamchemshia karoti zake na kumtandikia blanketi kwenye kona. Lakini wageni walipoanza kuingia na vinyago vyao, akaanza kutetemeka ndani ya vazi la popo alilonunuliwa na Lina, yule binti mkubwa. Madam akaniangalia. Nikamvua vazi, nikaenda chumbani kwetu, nikachukua shati lako jeupe.

Mpenzi, acha nikiri. Hilo shati sijalifua tangu uondoke. Nalala nalo.

Nikamvisha, nikakunja mikono, nikafunga ncha juu ya mgongo asijikwae. Akanusa kola. Akanusa tena. Akashusha pumzi ndefu kama mzee aliyefika nyumbani, akajilaza kwenye blanketi lake. Lina akasema, "Tofi amekuwa dereva," na tangu hapo kila mtoto aliyempita alimwambia, "Yalla, dereva, twende," naye akatikisa mkia bila kuinuka. Hata mjomba alikuja na fuvu lake lile lile. Tofi alimtazama, akarudisha pua kwenye kola.

Wageni walipoondoka, Madam alinifuata jikoni. "Anabaki," akasema. Nilishika sinki ili nisimkumbatie. Kisha akauliza, "Na harufu ya shati ikiisha?"

Nikajibu bila kufikiri, "Basi, Madam, itabidi mwenyewe aje."

Nilidhani nimevuka mpaka. Akacheka mpaka akaketi kwenye kiti changu cha kumenyea vitunguu. Asubuhi alimpigia Bosi nami nikiwa pale pale nikijifanya nafuta meza, na ninavyoandika hivi nimeshajua: Alhamisi ijayo unakuja, siku tatu nzima.

Usiniletee marashi wala dhahabu. Njia ni ndefu, jasho litakutoka, na najua utataka kubadilisha shati kabla hujafika getini. Tafadhali, usilibadilishe. Lile la kwanza sitalipata tena, Tofi amelilalia na akiniona nalisogelea ananigeuzia mgongo.

Nakungoja kwa moyo wote,

Mkeo